Namna ya kuisoma semina ya mwaka wa kwanza yenye kujitolea ndani yake, ikakufaa wewe na ikawafaa unaoenda kwao

Kama umefungua ratiba ya mwaka wa kwanza ukakuta kuna semina inataka uingie darasani kama kawaida alafu inataka tena uende kujitolea nje ya chuo kila wiki, usiikimbie. Wengi wanaikimbia, wanaona ni mzigo mara mbili kwa alama zilezile. Mimi niliisoma nikiwa mwaka wa kwanza, baadae nikawa msaidizi wa mwalimu kwenye semina kama hiyo kwa mihula kadhaa, kwa hiyo nimeiona kwa pande zote mbili, na kitu nachokwambia ni kwamba anayefaidika kuliko wote ni yule anayetoka kule na kitu akakileta darasani, alafu akatoka darasani na kitu akakirudisha kule. Masaa mengi peke yake hayatoshi, kusoma sana peke yake hakutoshi. Yote nayoandika hapa chini ni namna ya kufanya hiyo safari ya kwenda na kurudi iwezekane.

Unaingia kwenye nini hasa

Semina ya mwaka wa kwanza kwa kawaida ni darasa dogo, mwalimu anakujua kwa jina, mnachimba mada moja kwa muhula mzima badala ya kukaa kwenye ukumbi wa mamia ya watu. Inayojulikana zaidi ni ile ya Chuo Kikuu cha South Carolina kule Marekani, University 101, ilianza mwaka 1972, miaka miwili baada ya vurugu kubwa za wanafunzi chuoni hapo, uongozi ukaona ni lazima mwanafunzi mpya ajengewe uhusiano na chuo chake mapema. Upande wa kujitolea ulikuja kwa njia yake. Mwaka 1967 Robert Sigmon na William Ramsey, nao wa huko Marekani, walikuwa wanatafuta jina la ile elimu inayounganisha kazi ya kuhudumia watu na masomo, na jina walilolitumia kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kujifunza kwa kuhudumu. Mwaka 1985 wakuu wa vyuo vya Brown, Georgetown na Stanford wakaanzisha umoja wa Campus Compact kuisukuma hiyo kazi vyuoni, na mwaka 2008 mtafiti George Kuh akaziweka semina za mwaka wa kwanza na kujifunza kwa kuhudumu, zote mbili, kwenye orodha yake ya vitu vinavyomsaidia sana mwanafunzi wa chuo. Kozi yako ndo imekutanisha hivo viwili.

Kuna kitu kimoja kwenye hii historia kinatakiwa kikae kichwani. Mwaka 1993 Jeffrey Howard, mtaalamu wa kujifunza kwa kuhudumu huko Marekani, aliandika kanuni za ufundishaji wa aina hii, na ya kwanza kabisa inasema alama zinatolewa kwa kujifunza, hazitolewi kwa kuhudumu. Isome tena hiyo. Manake ukienda masaa 30 ukabeba maboksi mpaka mgongo ukauma, alafu ukaja huna unachoweza kusema umekielewa, hujafaulu, na mwalimu hakuonei. Jasho lako ni kama kitabu tu, kama ulivyosoma kitabu, swali linabaki umeelewa nini.

Soma silabasi kwanza na kalamu mkononi

Wiki ya kwanza kabla hujachagua pa kwenda, chukua silabasi utafute vitu hivi: masaa mangapi yanatakiwa, yanahesabiwaje, nani anasaini, insha zipo wiki gani, na maswali makuu ya kozi ni yapi. Tuseme unadaiwa masaa 20 kwa muhula. Watu wanaona 20 ni kidogo wanasubiri mpaka katikati ya muhula, alafu wanaanza kukimbizana. Igawe mapema, masaa 2 kwa wiki 10 ndo hizo 20, na ongeza muda wa kwenda na kurudi ambao hakuna anayekuhesabia, kama safari ni dakika 40 kwenda na 40 kurudi basi ile siku yako ya masaa 2 ni masaa matatu na dakika 20. Weka kwenye ratiba kama kipindi, siku ileile saa ileile kila wiki.

Kama sehemu unayoitaka ina watoto, au wazee wasiojiweza, au wagonjwa, jua kwamba sehemu nyingi zitataka wakukague kwanza, fomu, barua, pengine uchunguzi wa polisi, na hivo vitu vinaweza kula wiki kadhaa. Nimeona wanafunzi wazuri kabisa wanaanza wiki ya sita kwa sababu fomu ilikaa kwenye begi. Ijaze siku uliyopewa.

Kuchagua sehemu

Mara nyingi mwalimu anakuja na orodha ya sehemu tano au kumi ambazo tayari wameongea nazo, chukua humo, usiende kutafuta ya kwako ukaanza uhusiano mpya kutoka sifuri ndani ya wiki 12. Na uchague moja tu. Kuna kishawishi cha kusema wiki hii nitaenda kwa watoto, wiki ijayo nitapanda miti, ile nyingine nitaenda kwa wazee, nione vingi. Hutaona chochote. Mara tatu za kwanza we ni mgeni, watu wanakuonyesha sura ya wageni, mambo yanaanza kuonekana kuanzia mara ya nne na kuendelea, watu wakishakuzoea wakaacha kukupisha.

Usichague pia kwa kuangalia wapi pataonekana vizuri kwenye wasifu wako. Angalia maswali ya kozi. Kama semina inauliza kwa nini watu wazima wanaacha shule, basi sehemu inayofundisha watu wazima kusoma itakupa majibu mpaka uchoke, hata kama kazi yenyewe itakuwa kupanga viti na kufuta ubao.

Siku ya kwanza

Fika mapema, vaa vya kawaida vya kufanyia kazi, simu weka mfukoni. Picha usipige, na watoto usiwapige kabisa hata kama wenyewe wanakuomba, ruhusa ya hiyo kitu iko kwa wazazi na kwa uongozi. Muulize anayekusimamia maswali haya kabla hujagusa kitu: nani nampigia nikiumwa, nini sitakiwi kufanya hapa, nini mnasumbuka nacho ambacho wanafunzi waliopita hawakukifanya vizuri. Hilo la mwisho linafungua watu midomo sana, manake hawa watu wameshapokea wanafunzi kila muhula, wengine walikuja na moyo mkubwa wakawaachia kazi kubwa zaidi ya waliyoikuta.

Kuhusu huo moyo mkubwa. Mwezi wa nne mwaka 1968, Ivan Illich, padri na mwanafalsafa, alisimama mbele ya vijana wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea vijijini Mexico, akawaambia waziwazi kwamba nia njema yao ni hatari na ni bora wasiende. Ni hotuba kali na bado inasomwa kwenye semina nyingi. Nakubaliana na sehemu kubwa ya alichokisema, ila sikubali kwamba jibu ni kukaa nyumbani, naona jibu liko kwa yule Sigmon niliyemtaja mwanzo, ambaye mwaka 1979 alitoa kanuni tatu: wanaohudumiwa ndo waamue huduma iweje, wanaohudumiwa watoke wakiwa na uwezo zaidi wa kujihudumia na kuhudumia wengine, na anayehudumu naye ni mwanafunzi mwenye sauti juu ya anachojifunza. Kwa hiyo siku ya kwanza ukifika na mpango wako mzuri ulioandaa usiku, uache kwenye begi. Sikiliza wanataka nini.

Mimi nilivyopewa kuhesabu

Nilipangiwa sehemu inayogawa chakula cha mchana bure. Nilienda nikiwa na picha kwamba nitakaa na watu, nitawasikiliza, nitasaidia kitu kinachoonekana. Mama aliyekuwa anasimamia akanipa karatasi na kalamu akasema kaa hapa mlangoni, hesabu wanaoingia, watu wazima huku, watoto huku. Basi. Wiki ya kwanza nahesabu, ya pili nahesabu, ya tatu nahesabu, na moyoni nimejaa kinyongo, naona wenzangu darasani wanasimulia mambo makubwa mimi nina mistari tu kwenye karatasi. Nikafikiria kuomba nihamishwe.

Wiki ya tano wakati naandaa la kusema darasani nikazitandaza zile karatasi zote mezani na ndo nikaona. Mwanzo wa mwezi watu wachache. Katikati wanaongezeka. Wiki ya mwisho ya mwezi foleni inatoka nje, na watoto ndo wanaongezeka kuliko watu wazima, alafu mwezi mpya ukianza idadi inashuka ghafla. Nikamuuliza yule mama, akanijibu huku anaendelea na kazi yake, kwamba wengi wa wanaokuja wana kazi, mshahara unaingia, kodi ya nyumba inachukua yake, kinachobaki hakifiki mwisho wa mwezi, na wakubwa wanavumilia njaa ila mtoto humwambii avumilie.

Wiki hiyohiyo darasani tulikuwa tunasoma makala inayopima umaskini kwa kipato cha mwaka mzima, jedwali zuri, nani yuko juu ya mstari wa umaskini na nani yuko chini. Nikanyoosha mkono nikasema kuna familia ambayo kwenye hili jedwali haipo chini ya mstari, lakini kila mwezi ina wiki nzima haina chakula, sasa hili jedwali litaionaje. Mjadala ule ulichukua kipindi chote. Mwalimu akatupa makala nyingine kuhusu vipato vinavyopanda na kushuka ndani ya mwaka, na insha yangu ya mwisho ikatoka hapo. Alafu nikafanya kitu ambacho sikuambiwa na mtu, nikachora grafu ya zile hesabu, ukurasa mmoja, nikampelekea yule mama. Alikuwa anajua kila kitu kilichomo, alikijua kwa macho yake miaka na miaka, ila hakuwahi kuwa nacho kwenye karatasi, na ile karatasi akaitumia kuwaomba wanaoleta chakula wasogeze michango yao iende wiki ya mwisho ya mwezi.

Ndo maana nasema usidharau kazi uliyopewa. Ile kuhesabu ndo ilikuwa kazi yenyewe.

Daftari, na hapa ndo kuna kila kitu

Kozi nyingi za hivi zinakudai uandike daftari la tafakari, na kila muhula nasoma madaftari yanayofanana: leo nilienda, watoto walifurahi, nilijisikia vizuri, nimejifunza kushukuru nilichonacho. Hiyo haina kosa kama barua kwa rafiki ila haikufundishi kitu na haimfundishi anayesoma.

Fanya hivi. Gawa ukurasa sehemu mbili kwa mstari. Kushoto andika ulichoona na kusikia tu, kama kamera, nani alifanya nini, maneno yaliyosemwa yakiwa yaleyale, idadi, muda. Kulia andika ulichofikiri na ulichojisikia. Utashangaa mwanzoni ulivyo na kulia kwingi na kushoto kutupu, yaani umekaa mahali masaa mawili unatoka na maoni kibao lakini ulichokiona hakijai mistari mitano. Kadri wiki zinavyoenda kushoto kunaongezeka, na hapo ndo unajua macho yameanza kufunguka. Chini ya ukurasa acha nafasi ya kuandika hiki nilichoona kinagombana na kipi au kinakubaliana na kipi kati ya tulivyosoma. Hata mstari mmoja. Ukikosa kabisa, andika swali utalouliza darasani.

Tofauti yake iko hivi. Mwanafunzi mmoja wiki ya pili aliandika "wazee wa pale wanapenda sana wageni". Wiki ya nane yuleyule akaandika kwamba bibi mmoja alimuuliza saa mara sita ndani ya saa moja, akaja kugundua saa ya ukutani imesimama na hakuna aliyeibadilisha betri, na kwamba chumba kizima kilikuwa kinaishi bila kujua saa ngapi, akajiuliza hilo linahusianaje na ile sura ya heshima na uhuru wa mzee waliyoisoma wiki iliyopita. Ile ya pili unaweza kujenga insha juu yake. Na betri ilibadilishwa, wiki ileile.

Kama unashindwa kuanza, kuna maswali matatu aliyoyatoa mwalimu mmoja wa Marekani, Terry Borton, mwaka 1970 na walimu wengi bado wanayatumia: nini kimetokea, kwa hiyo nini, sasa nini. La kwanza simulia, la pili eleza lina maana gani, la tatu sema utafanya nini tofauti wiki ijayo. Wengi wanaruka la tatu. David Kolb, mtaalamu wa mambo ya kujifunza, mwaka 1984 aliuchora huu mwendo kama duara, unapitia jambo, unalitafakari, unapata wazo, unalijaribu, alafu unapitia tena jambo jipya, na ukiangalia vizuri bila kujaribu duara linakatika, unabaki na mawazo mazuri kwenye daftari.

Andika siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Ukisubiri mpaka jumapili usiku utaandika unachodhani ulikiona. Na majina ya watu usiyaweke, weka herufi moja au jina la kubuni, na usitoe maelezo ambayo mtu akisoma atajua ni nani, manake lile daftari linasomwa na mwalimu na pengine na wenzako, na yule mtu hakukupa maisha yake uyazungushe.

Darasani

Usiende na stori tupu, nenda na stori na ukurasa wa kitabu. Sema mwandishi anasema hivi, mimi nimeona hivi, haviendani, kwa nini. Na ujiangalie hapohapo, ulichokiona sehemu moja kwa wiki nane siyo ukweli wa dunia nzima, inawezekana mwandishi ana watu elfu na wewe una kumi na wawili. Uzuri wa kuwa na wenzako kwenye sehemu tofauti ni huo, unauliza kule kwenu mmeliona hili, na kama wanne kutoka sehemu nne wameliona basi kuna jambo.

Kuwa makini na namna unavyoongea kuhusu watu wa kule. Kipimo nachokitumia mimi ni rahisi, jiulize kama yule mtu angekuwa amekaa kiti cha nyuma darasani anasikiliza, ungelisema hivo hivo? Tena kwenye chumba kilekile anaweza kuwepo mwanafunzi aliyekua anakula kwenye sehemu kama hizo utotoni na hajamwambia mtu.

Mambo yakienda kombo

Umefika mara mbili hupewi kazi, unakaa tu: ongea na msimamizi kwa upole, mwambie una masaa mawili kila siku fulani, ungependa yatumike kwenye nini. Isipobadilika ndani ya wiki mbili mwambie mwalimu, usisubiri mwisho. Umeumwa au una mtihani, piga simu mapema, siyo meseji saa ileile, kuna mtu amepanga watu kwa kukutegemea. Nauli imekushinda, sema, vyuo vingine vina fungu la hiyo na kama hakuna mwalimu anaweza kukuhamishia sehemu ya karibu. Hujisikii salama, au mtu anakugusa au kukusemesha vibaya, ondoka siku hiyohiyo na mwambie mwalimu siku hiyohiyo, alama hazina thamani hiyo.

Masaa ya uongo, tafadhali usisaini. Wapo wanaoandikiana masaa. Sehemu nyingi zinatumia zile hesabu kuomba fedha na kupanga watu, ukidanganya unawaharibia wao.

Na kuna uzito ambao watu hawausemi. Utaona vitu vitakavyokukosesha usingizi, mtoto ana njaa, mzee hajatembelewa na mtu tangu umjue. Ukirudi na hicho kitu kifuani kiseme, kwa mwalimu, kwa washauri wa chuo, kwa mwenzako mnayeenda naye. Usijaribu kukitibu kwa kutoa hela yako mfukoni au kumpa mtu namba yako umuahidi makubwa, muhula utaisha na yeye atabaki pale.

Kuondoka

Hili linasahaulika kuliko yote na kwangu ni zito sana. Wiki tatu kabla ya mwisho anza kusema, nimebakiza mara tatu, nimebakiza mara mbili, hasa kwa watoto, manake mtoto aliyezoea uje kila jumatano alafu jumatano moja usije bila neno, yeye hajui mambo ya mihula, anajua umemuacha. Usiahidi kurudi kama huna uhakika. Msimamizi mshukuru uso kwa uso, muulize kama insha yako angependa kuisoma, na kama ndani yake kuna kitu kinachoweza kuwafaa kitoe ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi umpe, insha ya kurasa kumi hana muda nayo.

Alafu andika karatasi moja ya mwanafunzi atakayekuja baada yako. Funguo za stoo zinakaa kwa nani, siku gani kunakuwa na watu wengi, nani hapendi kusalimiwa kwa kelele, kazi gani ulianza haikuisha na imefikia wapi. Muachie msimamizi nakala na mwalimu nakala. Mimi niliyoiacha ilikuwa na mstari wa kwanza unaosema utapewa karatasi na kalamu ukae mlangoni, kaa, hesabu, na tarehe uandike juu kabisa kila siku.